Kipolandi: mbona kivumishi kinabadilika hivi kwenye jenitivu? dobry, dobrego, dobrej, dobrych

Binti_Raskazone

Habari za saa hizi wadau, naombeni msaada kwa yeyote anayejua Kipolandi au aliyewahi kuishi huko. Mimi nipo Tanga mjini, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Raskazone, na siku hizi tunapata wageni wa Polandi, wengi wanashuka kutoka Lushoto wamechoka na milima wanataka bahari siku mbili tatu kabla ya kuendelea na safari. Nimeamua kuisoma lugha yao kwa dhati sio salamu tu, maana mgeni akisikia lugha ya kwao anafunguka, anauliza habari za Amboni, anauliza za Pangani, anauliza hata bei ya madafu, na mimi napenda sana kuusemea mji wangu.

Sasa nimefika kwenye kitu wanachokiita dopełniacz, yaani jenitivu, lile umbo linalochukua neno kwenye kumiliki, kwenye kukana na kadhalika. Nomino nakwenda nazo hivyohivyo ila vivumishi ndo vinanisumbua. Nikiwa na maji baridi nasema mam zimną wodę, nikiwa sina inakuwa nie mam zimnej wody. Chumba kikiwa wazi ni mam wolny pokój, kikiwa hakipo ni nie mam wolnego pokoju. Samaki wabichi wapo, mam świeże ryby, wakiisha nie mam świeżych ryb. Yaani kilichoongezeka ni kule kukana tu, maji ni yaleyale na ubaridi ni uleule, lakini neno la baridi limeshageuka. Kiswahili nikisema nina maji baridi au sina maji baridi, baridi inakaa palepale.

Maswali yangu: hivi viishio viko vingapi jamani? Kwa nini drogi (ghali) inakuwa drogiego yenye i katikati wakati dobry (nzuri) inakuwa dobrego bila i? Na lile neno wanaloambiana mezani kabla ya kula, smacznego, ndo -ego hiihii au ni kitu kingine? Asanteni.

Mngamiani_Lodz

Dada karibu sana, umeuliza penyewe kabisa. Mimi ni mtoto wa Ngamiani ila sasa hivi nipo Łódź, huku Polandi, nimepita kwenye ile shule ya chuo kikuu ya kuwafundisha wageni Kipolandi, ipo tangu 1952, na kama kuna neno moja ningependa ulishike kwenye jenitivu ni hili: anza na kivumishi, nomino zifuate baadaye. Watu wengi wanaanza na nomino wanakwama humo miezi, kwa sababu nomino za kiume mara zinaishia -u mara -a, pokój inakuwa pokoju lakini ananas inakuwa ananasa, na hakuna kanuni moja itakayokupa jibu kila mara, inabidi ulizoee neno kwa neno. Wingi ndo usiseme. Kivumishi hakina shida hiyo hata kidogo, kina viishio vitatu basi.

Nomino ya kiume au ya jinsia ya kati, umoja, kivumishi chake ni -ego. Ya kike umoja ni -ej. Wingi ni -ych, jinsia zote, hakuna ubaguzi.

Chukua neno nowy, jipya. Chumba kipya ni nowy pokój, jenitivu nowego pokoju. Dirisha jipya ni nowe okno (hiyo ya kati), inakuwa nowego okna. Boti ndogo mpya ni nowa łódka, inakuwa nowej łódki. Sasa zipeleke zote wingi: nowych pokoi, nowych okien, nowych łódek. Zitazame nomino pale, pokoi, okien, łódek, kila moja imepita njia yake, halafu tazama kivumishi, nowych, nowych, nowych. Ndo maana nasema anza nacho. Hata mwisho wa nomino ukikuponyoka Mpolandi atajua unataka kusema nini kwa sababu kivumishi kimeshatangulia kumwambia ni jenitivu na ni umoja au wingi.

Hiyo i ya drogiego. Kwenye maneno ya asili ya Kipolandi k na g haziendi moja kwa moja na e, inaingia i katikati (maneno ya kukopa kama kelner, mhudumu, yana mambo yake hayahusiani na hapa). Vilevile baada ya k na g unaandika i sio y. Kwahiyo drogi, drogiego, drogiej, drogich. Na kuna kundi lingine ambalo shina lake ni laini lenyewe, kama tani (rahisi kwa bei) na ostatni (wa mwisho), hayo nayo ni taniego, taniej, tanich, ostatniego, ostatniej, ostatnich. Huna haja ya kukariri makundi ukitumia njia hii, chukua umbo la kiume la umoja uliangalie mwisho wake, likiishia -y unaenda -ego, -ej, -ych, likiishia -i unaenda -iego, -iej, -ich. Dobry, zimny, świeży, cichy ni upande wa kwanza. Drogi, tani, słodki, wysoki, polski upande wa pili. Ila angalia umbo la KIUME, usiangalie la kike, kwa sababu la kike ni droga, i haionekani pale na itakupoteza.

Kwa sisi wa Tanga tuseme machungwa ya Muheza. Tamu ni słodki, inaishia -i. Juisi tamu, szklanka słodkiego soku, glasi ya juisi tamu. Chungwa tamu moja, nie mam słodkiej pomarańczy, sina chungwa tamu. Na kilo ya machungwa matamu, kilogram słodkich pomarańczy. Umeona zote tatu zimekuja na i yake.

Na smacznego ndo hiyohiyo -ego dada, umehisi vizuri. Kitenzi cha kutakia heri, życzyć, kile unachomtakia mtu kinakaa kwenye jenitivu, sentensi nzima ni życzę smacznego posiłku, nakutakia mlo mtamu, wakakata mwanzo wakakata mwisho kikabaki kivumishi peke yake. Ukishalijua hilo salamu nyingi zao zinafunguka zenyewe. Miłego dnia, siku njema. Szczęśliwej podróży, safari njema, hiyo ni -ej kwa sababu safari kwao ni ya kike. Wesołych Świąt, heri ya sikukuu, hiyo ni wingi. Wszystkiego najlepszego, kila la heri, maneno mawili yote -ego. Na ile ya kwako hapo mapokezi ambayo utaitumia kila siku ni miłego pobytu, yaani ukae nasi vizuri.

dogo_majani_mapana

Mimi nimetembeza Wapolandi Amboni na sijawahi kusoma jedwali hata moja. Unashika sentensi nzima kama ilivyo inatosha, miłego dnia, nie ma problemu, bez ostrego sosu, basi. Mgeni anafurahi. Ukianza mambo ya jenitivu utachoka kabla hujaanza kuongea.

Mngamiani_Lodz

Dogo sikupingi kwamba sentensi nzima zinasaidia, nami nilianzia humo. Ila hiyo bez ostrego sosu yako, bila sosi ya pilipili, kesho mgeni akitaka bila kitunguu kibichi unafanyaje? Bez surowej cebuli. Kitunguu kwao ni cha kike, kwahiyo ile -ego uliyoizoea haiingii. Keshokutwa anataka bila maharage makavu, bez suchej fasoli, nayo ya kike. Sentensi ulizoshika zinakupa mlango, viishio vitatu vinakupa nyumba yote, na ni vitatu tu jamani sio thelathini.

Mzee_wa_Chumbageni

Nimesoma mazungumzo yenu vijana wangu nimefurahi. Mimi nilisomea uhandisi Moscow zamani hizo za Wasovieti, Kipolandi sikukisoma lakini Kirusi ninacho mpaka leo, na nimekutana na Wapolandi kazini. Ninataka kumtahadharisha huyu binti kitu kimoja kama atakuja kukutana na mtu aliyesoma Kirusi akataka kumsahihisha. Kirusi nacho kina kiishio hichohicho, maandishi yake ni -ogo, lakini kwenye kusoma ile g inatamkwa v, novogo unasema nóvava. Kipolandi sivyo, g ni g, imeandikwa nowego inasomwa novego, g yake wazi kabisa kama ya gari. Atakayekwambia useme novevo usimsikilize.

Jambo la pili nimefanya kazi Arusha, na pale Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Walifika 1942 na kuendelea, wakimbizi waliotolewa kwao na Wasovieti wakapelekwa Siberia, kisha wakapitia Iran mpaka huku kwetu, kambi ya Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Wageni wako wengi watakuwa wanaijua habari hiyo au wamepitia huko kuzuru. Mwanangu uliye Łódź, makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi yanasemwaje kwa lugha yao? Ningependa binti alijue hilo neno, atakapoulizwa asibabaike.

Mngamiani_Lodz

Shikamoo mzee wangu. Ni cmentarz polskich uchodźców. Makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, wingi, polski inaishia -i kwahiyo polskich. Na nyongeza uliyoitoa ya g ni kweli tupu, hapa tulikuwa na wenzetu darasani waliotoka kwenye Kirusi walikuwa wanapambana nayo hiyo v.

Na mkazo pia dada, hapa sisi tuna bahati. Kipolandi mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, sawa na Kiswahili. Kwahiyo kiishio kikiongezeka mkazo unasogea wenyewe: dobry mkazo upo do, dobrego mkazo umehamia bre. Smaczny ni smacz, smacznego ni ne. Ukisema kama unavyosema habari na karibu unapatia bila kufikiria. Wazungu wengine wanahangaika na hilo.

Binti_Raskazone

Shikamoo babu, asante sana kwa Tengeru, hilo nimeliandika kabisa. Kaka wa Łódź Mungu akubariki, kile cha kuangalia umbo la kiume kimenifungua macho, nimerudi kwenye daftari nimepitisha vivumishi vyangu vyote vimekaa.

Nina mawili mengine. Moja, nimeona mahali wameandika to nie jest drogi hotel, hii si hoteli ghali. Pale kuna nie lakini kivumishi hakijabadilika, ni drogi sio drogiego. Mbona? La pili, mteja aliniambia z ostrym sosem, na dogo hapo juu kasema bez ostrego sosu, na mimi nilisoma kwamba z nayo inaleta jenitivu.

Mngamiani_Lodz

Maswali mazuri haya, naona unasoma kwa makini.

La kwanza. Kukana hakugeuzi kila kitu kuwa jenitivu. Kinachogeuka ni yambwa, ile kitu unayoitenda moja kwa moja, unayoiona, unayoinunua, unayokuwa nayo, ambayo bila kukana ingekaa kwenye ile hali yao ya yambwa. Mam zimną wodę, zimną wodę ni yambwa, ukikana inageuka zimnej wody. Lakini to jest drogi hotel hapo hakuna yambwa, unasema tu kitu ni nini, ukikana kinabaki kilivyo, to nie jest drogi hotel. Ila sasa, ukitaka kusema kitu HAKIPO, wanatumia nie ma na hapo jenitivu inarudi: nie ma drogiego hotelu, hakuna hoteli ghali. Huo ndo utofauti, si na hakuna, na wewe kwenye kazi yako hakuna utaisema mara nyingi zaidi. Nie ma świeżej ośmiornicy, hakuna pweza mbichi. Nie ma ciepłej wody, hakuna maji ya moto.

La pili, z ni mbili. Ikiwa na maana ya kutoka, inaleta jenitivu: sok z dojrzałego mango, juisi ya embe bivu, yaani iliyotoka kwenye embe. Ikiwa na maana ya pamoja na, inaleta hali nyingine kabisa, narzędnik, kwahiyo z ostrym sosem, pamoja na sosi ya pilipili, yule mteja yuko sahihi na dogo yuko sahihi. Vihusishi ambavyo havina utata, jenitivu siku zote, ni bez (bila), do (mpaka, kwenda), od (kuanzia), dla (kwa ajili ya), obok (pembeni ya), podczas (wakati wa). Hivyo sita tu ukivishika umeshabeba kazi kubwa.

Na hapo kwenye mango umeona kitu? Mango kwao haibadiliki, ni mango tu mwanzo mpaka mwisho, kivumishi ndo kimebeba jenitivu yote. Ndo hivyohivyo kwa majina ya kwetu mengi. Bagamoyo haibadiliki, ukisema do starego Bagamoyo, kwenda Bagamoyo ya zamani, ni starego peke yake ndo inaonyesha. Tanga yetu wao wanaibadilisha kwa sababu inaishia -a kama ya kike, z pięknej Tangi, kutoka Tanga nzuri.

Idadi nazo usizisahau kwa sababu unahesabu vyumba. Viwili vitatu vinne hakuna jenitivu: dwa wolne pokoje, cztery wolne pokoje. Kuanzia vitano: pięć wolnych pokoi. Inaendelea hivyo mpaka 21, halafu 22, 23 na 24 zinarudi kama viwili vitatu vinne, dwadzieścia dwa wolne pokoje. 12, 13 na 14 zipo kwenye jenitivu, hizo zisikuchanganye. Na maneno ya wingi wa jumla, dużo (mengi), mało (kidogo), kilka (kadhaa), yote jenitivu. Watu wanaume wana hesabu yao tofauti, hiyo iache kwanza.

Kuna kimoja kizuri cha mapokezi. Mgeni ukimuuliza kama anataka kitu cha kunywa, coś zimnego, kitu cha baridi. Coś (kitu) na nic (hakuna kitu) zinaleta -ego: coś dobrego, nic nowego.

Ticha_Muheza

Naomba niongeze kidogo kwa sababu nafundisha Kiswahili na hili la Binti la mwanzo, kwamba baridi kwetu inakaa palepale, nimelipenda. Kivumishi cha Kiswahili kinafuata ngeli ya nomino na umoja au wingi, kiti kipya, viti vipya, nyumba mpya, basi, kazi yake imeisha. Hakijali nomino inafanya nini kwenye sentensi. Uhusiano wa kumiliki tunauweka kwenye kile kiunganishi cha -a, mlango wa nyumba mpya, na hiyo wa inamtazama mlango, sio nyumba. Wapolandi kiunganishi hicho hawana kabisa, kwahiyo kazi yote ya wa, ya, cha, la imemwagwa kwenye miisho ya nomino na vivumishi vyake. Nahodha wa mashua kuukuu, kapitan starej łodzi. Ile wa yetu wao wameiweka ndani ya -ej na ndani ya -i.

Ndio maana mwanafunzi wa Kiswahili ana faida kubwa hapa kuliko anavyodhani. Kulinganisha kivumishi na nomino tumezaliwa nako, mtoto wa miaka mitatu hasemi kiti mapya. Anayetoka kwenye lugha ambayo kivumishi hakiguswi ana kazi ya kujenga hiyo tabia toka mwanzo. Sisi tunachohitaji kuongeza ni sababu ya pili ya kubadilisha, zaidi ya ngeli tunaangalia na nafasi ya nomino kwenye sentensi. Ningemshauri Binti asome kila nomino mpya pamoja na kivumishi chake, asiandike kwenye daftari woda peke yake, aandike zimna woda na mbele yake zimnej wody. Jinsia inakaa kichwani bila kukariri na kiishio kinakuja nayo. Mimi wanafunzi wangu nawafanyisha hivyo na ngeli na naona matokeo.

dogo_majani_mapana

Hii ya Ticha nimeielewa vizuri zaidi. Haya nikitaka kusema tunaenda kwenye mapango maarufu ya Amboni?

Mngamiani_Lodz

Do słynnych jaskiń Amboni. Słynny ni maarufu, wingi, -ych. Ukisema idziemy do słynnych jaskiń Amboni wageni wako watakuamini wewe ni wa kazi.

Binti_Raskazone

Ticha asante sana, naanza daftari jipya leoleo, woda peke yake nafuta. La mwisho jamani msinichoke. Majina ya wageni. Kuna familia inakuja, nataka kuwaandikia kikaratasi niweke mlangoni, kwa ajili ya familia fulani, na jina lao linaishia -ski kama Kowalski. Nimeona majina hayo yanabadilika badilika mpaka nashindwa kujua kama ni mtu mmoja au wengine, hata kwenye fomu mume kaandika hivi mke kaandika vile. Na tarehe, kuanzia tarehe moja mpaka tarehe kumi mwezi wa nane.

Mngamiani_Lodz

Majina ya -ski na -cki ni vivumishi dada, kwenye mwenendo wake ni vivumishi kabisa, kwahiyo yote uliyojifunza yanaingia humohumo. Mume ni pan Kowalski, mke ni pani Kowalska, wawili pamoja państwo Kowalscy. Kwenye jenitivu sasa: dla pana Kowalskiego, dla pani Kowalskiej, dla państwa Kowalskich. Ndo ileile drogiego, drogiej, drogich. Ndo maana chuo kikuu cha Lublin kilichopewa jina la yule mwanasayansi Maria Curie-Skłodowska kinaitwa Uniwersytet Marii Curie-Skłodowskiej, jina limegeuka hata kwenye kibao. Jina kama Nowak lenyewe sio kivumishi, mwanaume ni dla pana Nowaka, mwanamke halibadiliki, dla pani Nowak. Kwahiyo kikaratasi chako andika dla państwa na jina lao kwenye -skich, chini yake miłego pobytu.

Miji yao pia, watakapokwambia wametoka wapi. Zakopane ule mji wa milimani ni kivumishi chenyewe, kwenda Zakopane ni do Zakopanego. Zielona Góra ni do Zielonej Góry. Nowy Sącz, do Nowego Sącza. Nawe unaweza kumuuliza pan z Zielonej Góry?, bwana ametoka Zielona Góra?, na atafurahi sana.

Tarehe, namba za siku ni vivumishi na zinakaa kwenye jenitivu: od pierwszego do dziesiątego sierpnia. Tarehe 9 Desemba ni dziewiątego grudnia, tarehe 12 Januari dwunastego stycznia. Hizo mbili wakiuliza sikukuu zetu unazo tayari.

Binti_Raskazone

Nimeandika kikaratasi. Wanafika na basi la Lushoto saa tisa.

Mzee_wa_Chumbageni

Na kama watataka kwenda Tengeru wakitoka hapo, nijulishe, nina kijana wangu Arusha anaifahamu njia na ni mwaminifu.